Macho Mekundu si Ushahidi

Ndugu walimu wa Shinyanga, Kahama na Geita, naomba nafasi kidogo katika ukurasa huu nijibu neno nililolisikia katika mkutano wetu wa walimu. Tulikuwa tukizungumza habari za masomo ya wasichana, nami nikataja kwamba wako wanafalsafa wanawake waliofikiri sana juu ya mwili wa binadamu na maana tunazoupa. Mwenzetu mmoja, mwalimu wa miaka mingi ambaye namheshimu, akacheka, akasema: "Dada, hayo ni mambo ya watu walioshiba. Mwili ni mwili. Mwanamume ni mwanamume, mwanamke ni mwanamke, na mwenye macho haambiwi tazama." Watu wakapiga makofi, tukaendelea na habari ya madawati.

Sikumjibu siku ile, maana si adabu kumbishia mkubwa mbele ya watu. Leo namjibu, tena kwa methali yake ileile. Mwenye macho haambiwi tazama, kweli. Lakini ni nani aliyemfundisha namna ya kutazama? Nchi hii tukaayo imezika wanawake wengi waliouawa kwa sababu watu wenye macho waliwatazama, wakaona macho mekundu, wakasema, "Huyu ni mchawi." Wauaji hao hawakukosa macho. Walikosa jambo jingine, nalo ndilo nitakalo kulieleza.

Kwanza yatupasa kujua wekundu ule ulitoka wapi. Hapo kale nchi ya Shinyanga ilikuwa na mapori makubwa. Wakati wa utawala wa Waingereza, tangu miaka ya 1920, mapori mengi yalikatwa ili kuwafukuza mbung'o waletao maradhi kwa watu na kwa ng'ombe. Kisha yakaja mashamba ya pamba, na mifugo ikaongezeka, na miti ikazidi kwisha, hata watu wakaiita nchi hii jangwa. Ndipo mwaka 1986 serikali ilipoanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, ili kurudisha miti na zile hifadhi za malisho tuziitazo ngitili.

Basi nauliza: kuni zilipokwisha, ni nani aliyeendelea kupika? Ni mwanamke. Naye alipika kwa nini? Kwa mabua, kwa miti mikavu ya pamba, na kwa mavi makavu ya ng'ombe, vitu vitoavyo moshi mwingi kuliko moto. Alipika ndani ya nyumba isiyo na dirisha, ameinamia mafiga matatu, asubuhi na jioni, tangu alipokuwa binti mdogo hata uzeeni. Ongeza na vumbi, na ugonjwa wa vikope unaoenea kwa urahisi mahali penye uhaba wa maji. Macho ya namna hiyo yatakosaje kuwa mekundu?

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na macho hayo. Nilipokuwa mdogo nililala naye, nami nilimwona kila asubuhi akipuliza moto huku machozi yakimtoka, akiyafuta kwa ncha ya kanga. Moto ule ndio uliopika ugali ulionikuza. Baadaye, nilipokuwa nimekwenda shule ya bweni, alianza kuogopa kutoka jioni, maana vijana walikuwa wakinong'ona apitapo njiani, na mtoto wa jirani alikuwa amekufa kwa homa. Hakuuawa. Mama yangu alimchukua usiku, akamleta mjini, naye akafa miaka kadhaa baadaye katika nyumba ya kupanga, mbali na makaburi ya watu wake. Sisi tulihesabu kwamba hiyo ni bahati njema. Fikirini, wasomaji, ni nchi gani hiyo ambamo bibi kufia ugenini huhesabiwa kuwa bahati.

Wengine hawakupata bahati hiyo. Hesabu zilizokusanywa nchini kwa miaka ya 1970 hadi 1984 zilionyesha watu zaidi ya 3,000 waliouawa kwa kushukiwa uchawi. Wengi wao walikuwa wanawake, na sehemu kubwa walikuwa wa huku kwetu Usukumani. Msomi Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliandika sana habari hizi, akaonyesha kwamba hazitengani na mambo ya ardhi, urithi na maisha yaliyovurugika. Wala tusiseme kwamba hapakuwa na sheria. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 yamkataza mtu kumsingizia mwenziwe uchawi. Sheria ilikuwapo, na panga nalo likawapo.

Tena serikali yenyewe ilipotaka kukomesha mauaji hayo, mwaka 1976, watu wengi walikamatwa Mwanza na Shinyanga ili watoe habari, wakateswa, na baadhi yao wakafia kizuizini. Waziri wa Mambo ya Ndani, Mzee Ali Hassan Mwinyi, akajiuzulu mwaka 1977 kwa kubeba wajibu wa jambo lile, na kwa hilo watu walimsifu. Lakini tazameni ajabu yake. Mwanakijiji aliusoma mwili wa ajuza apate kumjua mchawi. Kisha watu wa serikali wakaupiga mwili wa mshukiwa wapate kumjua mwuaji. Wote wawili walidhani ukweli umo katika mwili, nao hutolewa kwa nguvu.

Sasa hapa ndipo falsafa iingiapo, wala si falsafa ya watu walioshiba. Neno lake ni hili: mwili hausemi peke yake. Jicho jekundu ni jicho jekundu tu. Neno "mchawi" halikuandikwa ndani yake. Limeandikwa na mtazamaji. Na mtazamaji naye hakulibuni leo, amelipokea kwa wakubwa wake kama sisi tulivyopokea herufi kwa walimu wetu. Basi asemaye "mwili ni mwili" amekwisha kusoma kabla hajajua kwamba anasoma.

Mwenzangu atasema kwamba haya nimeyatoa kwa Wazungu. La. Wazungu wenyewe walikosea sana katika jambo hili, nami nitayataja makosa yao bila haya. Aristotle, Mgiriki wa kale, alifundisha kwamba mwanamke ni kama mwanamume asiyekamilika. Galen, tabibu aliyeheshimiwa kwa muda wa miaka zaidi ya elfu, alisema viungo vya uzazi vya mwanamke ni vilevile vya mwanamume, ila vimegeuzwa kuelekea ndani. Msomi Thomas Laqueur, katika kitabu chake cha mwaka 1990, alieleza jinsi fikira hiyo ilivyotawala Ulaya karne nyingi, hata ilipofika karne ya 18 waganga wakaanza kunena kinyume, kwamba mwanamke na mwanamume ni miili miwili iliyo mbalimbali kabisa. Je, katika miaka hiyo miili ya wanawake wa Ulaya ilibadilika? Haikubadilika hata kidogo. Zilizobadilika ni fikira za wale walioitazama. Na tusisahau kwamba Ulaya nao, katika karne ya 16 na 17 hasa, waliua watu makumi ya maelfu kwa neno la uchawi, na wengi wao wanawake. Hivyo ugonjwa huu si wa Msukuma peke yake.

Mwaka 1949 mwanamke Mfaransa, Simone de Beauvoir, alitoa kitabu kikubwa juu ya hali ya mwanamke. Hoja yake ni kwamba mengi tuyaitayo asili ya mwanamke ni kazi ya malezi na desturi. Na kwamba mwili ni njia ambayo kwayo mtu anakuwamo duniani na kutenda, si chombo cha kutazamwa tu na kukadiriwa na wengine. Mwaka 1997 Mwafrika mwenzetu, Oyèrónkẹ́ Oyěwùmí wa Naijeria, aliwakosoa hata hao wanawake wa Ulaya. Alisema watu wa Magharibi wametegemea mno jicho, wakampa kila mtu cheo chake kwa kuutazama mwili wake. Bali kwa Wayoruba wa kale, asema yeye, lililopanga watu ni ukubwa na udogo wa umri katika ukoo. Wako wasomi wampingao. Lakini swali lake ni zuri kwetu: je, kila namna ya kutazama tuiitayo mila ni ya babu zetu kweli, au nyingine tuliokota njiani?

Tazameni lugha yetu ya Kiswahili. Nikisema "amekuja", "analima", "anafikiri", hakuna ajuaye kama ni mume au mke. Sarufi yetu yamtaja mtu, basi. Lakini tufikapo kwenye ndoa lugha yageuka ghafula: mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa. Mmoja atenda, mwingine atendwa. Naona kwamba habari yote ninayoisimulia imefungwa katika herufi hizo chache zilizoongezwa. Kwa hiyo na tuanze na huyo anayeolewa.

Binti wa miaka 14 anapita na ndoo kichwani. Wazee wamekaa chini ya mti, wanamtazama kifua, wanasema, "Amekomaa." Kisha wanatazama rangi yake, maana kwetu kuna neno lisemwalo waziwazi, kwamba msichana mweupe huleta ng'ombe wengi kuliko mweusi. Mwili wake umesomwa kama mnadani, na jina lake halijatajwa bado. Wala si ajabu kwamba wasichana wengine hununua krimu za kujichubua, na baadhi ya krimu hizo zina zebaki, sumu ambayo nitairudia mbele.

Nasema kwamba wazee wale, pamoja na macho yao, hawaoni. Kifua kikijaa, nyonga hazijamaliza kukua. Binti mdogo akishikwa na uchungu wa kuzaa, na mtoto asipoweza kupita, na hospitali iko mbali, mara nyingi mtoto hufa na mama hubaki na fistula, mkojo ukimtoka pasipo kujizuia. Ndipo mwili ule husomwa mara ya pili. Husemwa kwamba ananuka, kwamba ana laana, na hurudishwa kwao, na ng'ombe hudaiwa. Katika hesabu za serikali zilizotokana na uchunguzi wa mwaka 2010, mkoa wa Shinyanga ulikuwa wa kwanza nchini kwa ndoa za utotoni: katika kila wanawake 100 wenye umri wa miaka 20 hadi 24, 59 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18.

Sheria ilisaidia kusoma huko. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika vifungu vya 13 na 17, iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa idhini ya mzazi, hali mvulana alitakiwa kufikisha miaka 18. Bibi Rebeca Gyumi akaipeleka habari hiyo mahakamani. Julai 2016 Mahakama Kuu ikahukumu kwamba vifungu hivyo vyapingana na Katiba, ikaipa serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Serikali ikakata rufani, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufani ile. Mwaka ule mmoja ulipita pasipo sheria kurekebishwa. Watu husema, "Msichana hukomaa upesi." Na iwe hivyo, lakini nani aliyesema kwamba kukomaa ni kukomaa kwa ndoa? Mbona hatumwambii binti, "Umekomaa, basi chagua masomo yako, miliki shamba lako"?

Sasa nitasema jambo ambalo ningependa kulificha. Katika shule moja niliyowahi kufundisha, kila mwanzo wa muhula wasichana walipangwa mstari, wakaingizwa chumbani mmoja mmoja, na mwanamke aliyeletwa kwa kazi hiyo akawaminya tumbo ili ajue aliye na mimba. Mimi, kwa kuwa nilikuwa mwalimu mwanamke kijana, nilipewa kazi ya kushika daftari na kuweka alama mbele ya majina. Niliandika vizuri, kwa mwandiko ule niliofundishwa chuoni. Siku moja msichana wa kidato cha pili alitoka mle ndani, akasimama mbele yangu, akauliza kwa sauti ndogo, "Mwalimu, na wavulana watapimwa lini?" Nilimwambia aende darasani. Sikuwa na jibu, nami nilijua kwamba sina.

Swali la mtoto yule lina falsafa kuliko vitabu nilivyovitaja. Dhambi ikiwa ni ya wawili, na mwili wa mmoja tu ndio uonyeshao alama, tulimwadhibu yule anayeonekana. Hatukuadhibu kosa, tuliadhibu alama. Vivyo hivyo hatukumwua mchawi. Tuliua macho mekundu. Juni 2017 Rais John Magufuli alitangaza kwamba mwanafunzi apataye mimba hatarudi shuleni, na walimu wengi tukaitikia. Novemba 2021 Wizara ya Elimu ikatangaza kwamba wasichana walioacha masomo kwa ujauzito waruhusiwe kurudi. Je, kati ya 2017 na 2021 tumbo la msichana lilibadilika? Halikubadilika. Ni daftari lililobadilika. Basi kama daftari liliweza kubadilika kwa tangazo moja, lilikuwa na haki gani kumfukuza yule wa mwaka 2017?

Tutoke Shinyanga, twende magharibi, kwenye dhahabu ya Geita. Hapo desturi ile ya kuusoma mwili imeshika panga na imeshika sumu.

Habari ya panga mwaijua. Tangu miaka ya 2006 na 2007 watu wenye ualbino walianza kuwindwa katika nchi za ziwa, na wapiga ramli wakawaambia watafuta mali, wachimbaji wakiwamo, kwamba kiungo cha mtu huyo huvuta dhahabu. Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyokaa Kahama iliwahukumu watu watatu kunyongwa kwa kumwua mvulana wa miaka 14 wa Bukombe. Februari 2015 mtoto mchanga wa kiume alinyakuliwa nyumbani kwao wilayani Chato, na mama yake aliyemng'ang'ania akakatwa vibaya kwa panga. Tazameni tena: ngozi imesomwa kama ramani ya dhahabu. Tena mama wa mtoto wa namna hii husingiziwa kwamba alizini au alilaaniwa, na mara nyingi mumewe humkimbia. Elimu yasema kwamba mtoto hawi na ualbino wa ngozi na macho na nywele kwa kawaida ila amerithi chembe ya jambo hilo kwa baba na kwa mama, wote wawili. Baba akimkimbia mkewe, anakimbia mwili wake mwenyewe.

Habari ya sumu haitajwi sana. Katika machimbo madogo kama ya Nyarugusu na Rwamagasa, mahali pengi wachimbaji wameshika mwiko: mwanamke aliye katika siku zake asilikaribie duara, eti dhahabu itakimbia. Damu yake imesomwa kama nuksi. Lakini mwanamke huyohuyo aliyefukuzwa penye duara, hupewa nafasi nje: kuponda mawe, kuchekecha vumbi, kuosha mchanga, na kuchanganya zebaki kwa mikono mitupu. Wengine huichoma karibu na jiko la nyumbani, mtoto mgongoni, moshi wa zebaki ukipanda usoni pao. Kwa hiyo damu isiyo na dhara imewekewa mwiko, na zebaki iuayo haikuwekewa mwiko wowote. Huo ndio upofu wa mtu asomaye mwili badala ya kuuhurumia.

Wajapani walijifunza jambo hili kwa gharama kubwa. Mjini Minamata kiwanda kilimwaga zebaki baharini, samaki wakaila, watu wakawala samaki. Mwaka 1956 ugonjwa ukatambuliwa rasmi. Zamani madaktari wengi walidhani kwamba kondo la nyuma humkinga mtoto na sumu zilizo katika damu ya mama. Minamata walizaliwa watoto walemavu wa akili na viungo, na mama zao wengine walionekana wazima au karibu na wazima. Ikajulikana kwamba zebaki huvuka kondo, na kwamba mtoto aweza kuumia kuliko mama. Mvuke wa zebaki tuuvutao machimboni nao huvuka vivyo hivyo. Mkataba wa mataifa wa mwaka 2013 wa kupunguza zebaki uliitwa kwa jina la mji ule. Sasa niambieni, mwenzangu aliyesema "mwili ni mwili" yuko wapi? Mwili wa mwanamke umo ndani ya hewa, ndani ya mto, ndani ya bei ya dhahabu. Ukitaka kuujua, usitazame sura yake tu. Tazama apumuacho, abebacho, na alipwacho.

Najua majibu yatakayokuja, nami nitayatangulia.

Wa kwanza atasema, "Mwataka kutuambia kwamba hakuna tofauti kati ya mke na mume." Sikusema hivyo. Mimi nimezaa watoto wawili. Sihitaji kukumbushwa tofauti. Nasema kinyume chake, kwamba ninyi msemao mwaijua tofauti hamwiangalii kwa kweli. Mngeiangalia, mngalijenga vyoo vyenye mlango na maji kwa wasichana kabla ya kujenga ukuta wa shule. Mngalimkataza mjamzito kushika zebaki badala ya kumkataza mwenye hedhi kupita penye duara.

Wa pili atasema, "Hii ni mila yetu." Namwuliza: mila gani? Mavi ya ng'ombe kuwa kuni yalizidi baada ya miti kwisha. Kiungo cha mtu kuwa dawa ya dhahabu ni biashara iliyovuma juzi tu, wenye umri wangu tunaikumbuka ikianza. Mila ya kweli ya wazee wetu ilimheshimu bibi, ikamfanya mlinzi wa wajukuu na mwenye hadithi. Amwuaye bibi kwa panga usiku, kisha akasema "mila", amewasingizia babu zake uongo.

Wa tatu atasema, "Wanaume nao huumia, machimbo huporomoka na kuwafukia, vumbi huwala mapafu." Ni kweli kabisa, nami nawalilia. Lakini mwanamume akifukiwa, watu husema, "Maskini, alikuwa akitafuta riziki." Husomwa kwa kazi yake. Mwanamke aumiapo huulizwa mwili wake ulikuwa ukifanya nini mahali pale. Chama cha Wanawake Wachimbaji Tanzania, kiitwacho TAWOMA, kilichoanzishwa mwaka 1997, kilianzishwa ili wanawake nao wahesabiwe kuwa wachimbaji, watu wenye kazi na haki, wala si wapita njia machimboni.

Basi, ndugu walimu, mimi siwataki mwende mkasome vitabu vya Kifaransa. Nataka mambo matatu, nayo yote yamo mikononi mwetu.

La kwanza: tufundishe habari ya mwili waziwazi, kwa wavulana na wasichana pamoja: hedhi ni nini, mimba hutokeaje, ualbino hurithiwaje, moshi hufanya nini machoni. Ujinga wa mambo haya ndio shamba la mpiga ramli, naye hulima kila msimu.

La pili: tusiwe tena wapimaji wa matumbo. Nani asema kwamba ualimu ulitupa mamlaka juu ya mwili wa mtoto wa mtu? Msichana akiwa na shida, na aje mwenyewe kusema, naye atakuja akijua kwamba hatafukuzwa. Mimi nimeweka kalamu chini katika kazi ile, wala sitaishika tena, hata nikiandikiwa barua.

La tatu: tuwape watoto wetu kazi ya kuuliza. Kila mmoja na aende kwa bibi yake, au kwa bibi wa jirani, amwulize, "Bibi, macho yako yalianza lini kuuma? Ulikuwa ukipikia nini? Ulibeba kuni kutoka wapi?" Kisha ayaandike majibu na kuyasoma darasani. Niliwapa kazi hiyo wanafunzi wangu. Walirudi na habari za misitu iliyokuwapo, za majina ya miti ambayo wao hawajapata kuiona, za safari za nusu siku kutafuta mzigo mmoja wa kuni. Kijana mmoja aliyezoea kucheka alisoma karatasi yake mpaka katikati, akanyamaza, akakaa. Hakuna aliyemcheka.

Hilo ndilo walilolikosa wale wauaji wenye macho mazuri. Walitazama, wasiulize. Falsafa yote niliyoisema yaweza kufupishwa hivi: usiuulize mwili wa mtu habari zake hali mtu mwenyewe yupo na ana kinywa.

Mwenzangu wa mkutanoni ni mtu mwema, nami sina ugomvi naye. Namwomba jambo moja tu. Likizo ijayo, akifika kwao, asisimame mlangoni kumwamkia mama yake. Na aingie jikoni, aketi kwenye kigoda karibu na mafiga, asubiri mpaka ugali uive. Akitoka, na ajitazame macho katika kioo. Kisha aniandikie katika ukurasa huu rangi aliyoiona.